Kibali cha Mgeni Hotelini: Swali Kubwa Liko Siku ya Kuhuisha

Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, Selemani Jafo, alipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, mitandaoni palichangamka. Kuongoza watalii ndani ya nchi kulikuwamo kwenye orodha, saluni zilikuwamo, na faini isiyopungua shilingi milioni 10 ilitajwa. Baadhi ya wanaofanya kazi hotelini walidhani zamu ya bosi wao wa kigeni nayo imefika. Haikufika. Amri ile inagusa leseni za biashara, na hata kwa saluni iliacha mwanya kwa zile zilizomo hotelini au zinazohudumia watalii. Meneja mkuu, mpishi mkuu na mkuu wa fedha wako chini ya sheria nyingine kabisa, ambayo ipo tangu 2015. Kwa maoni yangu sheria hiyo ni nzuri kuliko inavyosemwa, ila tunaisoma nusu.

Ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya 2015. Ndiyo iliyoweka vibali vya kazi mkononi mwa Kamishna wa Kazi, baada ya miaka mingi ya ofisi zaidi ya moja kuvitoa, kila moja kwa utaratibu wake. Uhamiaji wakabaki na kibali cha ukaazi. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, kisha kinaweza kuhuishwa. Mwajiri anadaiwa mambo mawili. La kwanza, aoneshe kuwa alimtafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa. La pili, awe na mpango wa mafunzo wa kuwaandaa wazawa kuifanya kazi ya yule mgeni, pamoja na mpango wa urithishaji ujuzi unaoeleza ujuzi huo utahamia vipi kwa raia mgeni akiwa bado kazini.

Kelele zetu zote ziko kwenye la kwanza. Bungeni, redioni, vijiweni, swali ni lilelile: kwa nini huyu kapewa kibali wakati vijana wetu wapo? Swali lina haki yake, lakini ni jepesi mno kulikwepa. Anayejua kuajiri hotelini anajua tangazo linavyoandikwa. Anatafutwa meneja wa vyakula na vinywaji, mwenye uzoefu wa miaka kumi katika nafasi hiyohiyo, kwenye hoteli za nyota tano, katika nchi zisizopungua mbili, mwenye kuzungumza Kiingereza fasaha na lugha nyingine moja ya Ulaya. Tangazo linakaa gazetini wiki mbili. Mtanzania ambaye nafasi hiyo hajawahi kupewa popote hawezi kuwa na miaka kumi ndani yake. Faili linafika kwa Kamishna likiwa na nakala ya tangazo, tarehe na orodha ya walioomba wakakosa sifa. Afisa kazi hana la kupinga, kila karatasi ipo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Swali gumu ni la pili, na wakati wake ni siku ile mwajiri anaporudi na faili kutaka kibali kihuishwe. Miezi 24 imepita. Aliandika kwamba atamwandaa mtu. Yuko wapi?

Kabla ya kulijibu, tuwe wakweli kuhusu sababu zinazoweka wageni kwenye hoteli zetu, maana si moja. Wapo walioletwa na ujuzi hasa, kama mpishi wa vyakula vya Kijapani, fundi wa kuanzisha spa, au mtu aliyekwishafungua hoteli tano na anajua ya sita inafunguliwaje. Wapo walioletwa na soko. Hoteli inayojaa Wapoland au Waitaliano inataka mtu wa kuzungumza nao na kugombana na wakala wao kwa lugha yao. Na wapo, tena wengi, walioletwa na imani. Mwenye mtaji anakaa Ulaya au Ghuba, hoteli iko Kiwengwa au Karatu, na fedha zinazoingia pale kila usiku anataka zisimamiwe na mtu anayemjua, aliyesoma naye, au aliyepelekwa na kampuni yenye jina.

Sheria inawapokea wote watatu kwa mlango mmoja ulioandikwa "utaalamu". Hapo ndipo mafunzo yanapokwama. Ujuzi unafundishika, na lugha pia. Imani ya mwenye mali haifundishwi darasani, na ukimpeleka kijana chuoni miaka mitatu akajifunze kitu ambacho tajiri hakukikosa, atarudi na cheti akute kiti bado kina mtu. Imani hujengwa kwa kumkabidhi mtu kitu kidogo chenye thamani, ukakikuta salama, ukamwongezea. Kwa hiyo mpango wa urithishaji usiosema ni kitu gani kitakabidhiwa, kwa nani na lini, ni barua ya heri tu.

Tutazame kwa karibu kinachokabidhiwa na kisichokabidhiwa. Meneja msaidizi Mtanzania mwenye miaka sita kwenye hoteli moja anaijua hoteli ile kuliko mtu yeyote. Anajua bomba la chumba kipi huvuja, mhudumu yupi amefiwa, muuza samaki yupi hupunja, na mteja wa chumba cha mwisho ametulizwa na kitu gani jana usiku. Lakini neno la siri la mfumo wa kuuzia vyumba hana. Siku hizi bei ya chumba haikai ubaoni. Hubadilishwa kila siku, msimu ukipamba moto hata mara kadhaa kwa siku, kufuatana na nafasi zilizohifadhiwa na bei za majirani. Anayezibadilisha ndiye anayeendesha hoteli, na hiyo kazi hufanywa na meneja wa kigeni, au na mtu aliye nje ya nchi kabisa. Bajeti ya mwaka ujao msaidizi huiona ikiwa imeshapitishwa. Kikao cha kila wiki na wamiliki kwa njia ya video yeye haitwi.

Jikoni ni hivyohivyo. Msaidizi wa mpishi mkuu ndiye anayepika, na wageni wanaosifia chakula wanasifia mkono wake bila kujua. Ila hesabu ya kila sahani, yaani gramu ngapi za pweza, mafuta kiasi gani, kinachotupwa, sahani igharimu kiasi gani hadi ifike mezani na iuzwe kwa kiasi gani, imo kwenye kompyuta ya mpishi mkuu. Anapoondoka, anaondoka nayo. Anayekuja baada yake anaanza upya na kompyuta yake, na yule msaidizi anaendelea kupika.

Sasa miaka miwili ikiisha, mwajiri akaulizwa kama msaidizi wake yuko tayari, atajibu kwamba bado, na hatakuwa anadanganya. Mtu ambaye hajawahi kuandaa bajeti hawezi kuwa tayari kuandaa bajeti. Kibali kinahuishwa kwa ukweli ambao mwajiri mwenyewe ameutengeneza.

Nina pendekezo moja la kupima, na halihitaji sheria mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kila mfanyakazi wa Bara likizo ya siku 28 kwa mwaka. Meneja wa kigeni naye huenda likizo, na ndani ya miezi 24 ataenda walau mara moja. Afisa kazi aulize kitu kimoja tu: siku hizo hoteli ilikuwa mikononi mwa nani? Aoneshwe aliyesaini malipo ya wazabuni, aliyeidhinisha mishahara, aliyepanga bei za vyumba, aliyetuma taarifa ya mwezi kwa wamiliki. Kama ni Mtanzania aliyetajwa kwenye mpango wa urithishaji, mpango unaishi. Kama hoteli ilileta mtu wa kushikilia kutoka tawi lake la nchi nyingine, au meneja aliendesha kila kitu kwa simu kutoka kwao huku msaidizi akipokea maagizo, basi mpango ule ni wa kabatini. Karatasi za kuthibitisha haya zipo tayari. Benki zina saini, mifumo ya hoteli huandika nani aliingia na saa ngapi.

Wenye hoteli watanijibu, na jibu lao si la kupuuza. Watasema wanafundisha, lakini wakishafundisha mtu anachukuliwa na hoteli ya jirani kwa nyongeza ya laki moja. Watasema pia kwamba mafunzo wameshayalipia. Kila mwajiri wa Bara mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, kutokana na mishahara anayolipa. Ilikuwa asilimia 6, ikashuka kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. Ni fedha nyingi kwa hoteli yenye watu mia mbili, na theluthi moja tu ya tozo hiyo ndiyo inayokwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa fani zote za nchi, kuanzia uchomeleaji hadi ushonaji. Mwenye hoteli akiuliza ni mpishi gani aliyepatikana kwa fedha yake, hakuna wa kumwonesha.

Hapa jirani zetu walifanya akili mapema. Kenya ilitunga sheria miaka ya sabini, hoteli na migahawa ikaanza kutoa asilimia 2 ya mapato kwa ajili ya mafunzo ya sekta hiyohiyo, na mwaka 1975 Chuo cha Utalii kikafunguliwa Nairobi kwa msaada wa Uswisi. Kina hoteli yake ya kufundishia, wageni wanalala na kulipa, na mwanafunzi anapokosea anamkosea mteja wa kweli. Tozo ile ilikuwa na dawa ya kunyang'anyana wafanyakazi pia: ukimchukua aliyefundishwa na mwenzako, umeshachangia mafunzo yake. Kwa nusu karne sasa wahitimu wa pale wametapakaa ukanda mzima. Mtanzania anayelalamika kwamba meneja wake ni Mkenya anapaswa kujua kwamba mara nyingi anakutana na matunda ya ile asilimia 2. Mkenya huyo hapa kwetu naye anahitaji kibali, kwani tulipoingia kwenye Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, Tanzania ilifungua ajira kwa fani zilizotajwa tu.

Nasi tulianza mapema vilevile. Mafunzo ya hoteli Forodhani, Dar es Salaam, yalianza mwishoni mwa miaka ya sitini, kabla ya chuo cha Nairobi. Leo kuna Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kuna chuo cha hoteli na utalii cha VETA pale Njiro, Arusha, na Zanzibar kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) Maruhubi. Vyuo binafsi sina haja ya kuvitaja, kila mji una chake, na vingine jiko la kufundishia ni plati nne na friji ya nyumbani. Tatizo letu halikuwa kukosa chuo. Tulikosa fedha yenye anwani, na tukawafundisha vijana kazi za chini za hoteli tukidhani ngazi za juu watapanda wenyewe. Kupanga meza, kutandika kitanda, kupokea simu ya mapokezi: haya tunayafundisha, na mengi tunayafundisha vizuri. Kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya idara, kujadiliana mkataba na wakala wa Ulaya, kupanga zamu za watu sitini bila kuzidisha malipo ya saa za ziada, haya kijana hukutana nayo kazini, kama atakutana nayo.

Ushelisheli, nchi ndogo isiyofikia hata idadi ya watu wa wilaya zetu nyingi, iliona pengo hilohilo. Mwaka 2007 ikaanzisha programu ya uongozi wa hoteli kwa kushirikiana na chuo cha Shannon, Ireland, vijana wasomee nyumbani kisha wakamalizie kule. Walilenga viti vya mameneja tangu siku ya kwanza, wakachagua wachache na kuwagharamia. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa SDL tuliyonayo, bila tozo mpya: hoteli inayothibitisha kuwa imemwandaa Mtanzania kwa nafasi iliyotajwa kwenye kibali irudishiwe sehemu ya ilicholipa. Hazina hawatalipenda, najua.

Njia iliyonipendeza zaidi kwa ngazi za kati ni uanagenzi wa kazi za hoteli, ulioanzishwa katika Chuo cha Taifa cha Utalii kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, pamoja na waajiri. Mwanafunzi anagawana muda kati ya chuo na hoteli, ana msimamizi pande zote mbili, na hoteli inamjua kabla ya kumwajiri. Tofauti na mafunzo ya vitendo ya kawaida ni kubwa. Katika yale ya kawaida kijana anakaa wiki nane, wiki sita za kwanza amekabidhiwa kusugua glasi, na mwisho anagongewa muhuri.

Kuna jambo ambalo watu wa mijini hulisahau, msimu. Ufukweni Zanzibar, masika yakiingia Aprili na Mei, hoteli kadhaa hufunga milango au hubaki na vyumba vichache. Wafanyakazi wa mkataba wa msimu hurudi kwao Tanga, Mtwara, Pemba, na Juni hoteli inaita watu upya, wengine si walewale. Meneja wa kigeni ana mkataba wa miaka miwili, msaidizi wake ana wa miezi tisa. Ujuzi utarithishwa kwa nani? Huyu aliyetajwa kwenye faili mwaka jana pengine sasa anaendesha bodaboda. Kibali kinachodai mrithi kingedai pia kwamba mrithi huyo awe na mkataba usiopungua muda wa kibali chenyewe. Hilo ni sharti la mstari mmoja, na afisa analikagua kwa kuangalia karatasi mbili.

Zanzibar ina la ziada. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kazi si la Muungano, hivyo kibali cha kazi visiwani hutolewa na mamlaka ya kazi ya Zanzibar kwa sheria yake. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 736,000. Hata hivyo ukiingia hoteli ya Nungwi au Paje utasikia lafudhi za Bara na Kenya kwanza. Sehemu ya sababu ni ya nyumbani: wazazi wengi hawakutaka mtoto, hasa binti, akafanye kazi panapouzwa pombe na kurudi usiku. Sina haki ya kuwacheka. Lakini usafiri wa salama wa kuwarudisha wafanyakazi vijijini baada ya zamu ya jioni ungewaingiza Wazanzibari wengi hotelini kuliko kuzuia vibali vya Wazungu kumi. Na Mtanganyika anayeitwa mgeni Paje hahitaji kibali cha kazi hata kimoja, kwa hiyo anayetarajia ofisi ya vibali imwondoe anagonga mlango usio wake.

Kwa nchi nzima, watalii wa kimataifa walikuwa karibu 621,000 mwaka 2020 wa korona na zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Hoteli hujengwa kwa miezi kumi na minane. Meneja mkuu hatengenezwi kwa muda huo, hata kwa fedha zote. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka vibali vifungwe ghafla. Kiti kitabaki kitupu, au kitakaliwa na mgeni mwenye visa ya kujitolea, au mke wa mwekezaji anayeonekana mapokezi kila asubuhi bila kuandikwa popote. Haya yapo, na kila anayefanya kazi kwenye nyumba ndogo za wageni za ufukweni anayajua.

Limebaki la mshahara, ambalo ofisi ya vibali haiwezi kulimaliza peke yake. Mgeni akiondoka na Mtanzania akapewa nafasi, mara nyingi hupewa kwanza jina la kaimu. Ukaimu unakwenda mwaka, unakwenda wa pili. Nyumba ya meneja inageuzwa kuwa vyumba vya kuuza, gari linarudi kampuni, na mshahara unaongezwa kidogo juu ya ule wa usaidizi, mbali sana na aliokuwa akilipwa mtangulizi. Akipata ofa Doha au Muscat anaondoka, kisha tajiri anaandika barua kwa Kamishna: tulijaribu mzawa, hakukaa. Barua hiyo inaingia faili na kuwa ushahidi wa kuomba mgeni mwingine. Kamishna anayo nafasi ya kuuliza mzawa huyo alilipwa kiasi gani kwa nafasi ileile, kwa sababu mkataba wa mgeni anao mezani na mshahara umeandikwa.

Na wapo wanaoweza kuuliza hata kabla yake. CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu watu wa hoteli, hukaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora: kima cha mshahara, likizo, usafiri, matibabu. Mpango wa urithishaji ujuzi ni hati ambayo mwajiri ameiandika mwenyewe na kuipeleka serikalini kwa jina la wafanyakazi haohao. Kiongezwe kifungu kimoja kwenye mkataba wa hali bora, kwamba tawi la chama lipewe nakala, na kila aliyetajwa humo kama mrithi aambiwe kuwa ametajwa. Nina hakika wapo mameneja wasaidizi ambao majina yao yamekaa kwenye faili la Kamishna tangu kibali cha kwanza kilipotolewa, na hakuna aliyewahi kuwaambia.